Mzani Usio na Mtani

Siku tuliyomzika Bibi, Fundi Pazi alifunga baraza yetu ya Gongoni kwa mkanda. Alikuja nao begani, ule mkanda mpana wa rangi ya chungwa wa kufungia magari, akauvuta kutoka nguzo hadi nguzo, akaukaza, kisha akasimama mbele yake amekunja mikono kama bawabu wa benki. Jeneza lilikuwa limekwisha inuliwa. "Hatoki mtu hapa," akasema. "Huyu ni mtani wangu, na mtani haondoki bure. Mgomboeni, au mkazike mkeka mtupu."

Shemeji yetu mmoja aliyetoka mbali alikasirika kwelikweli. Ikabidi avutwe kando aelezwe: huyu ni Mzaramo, sisi Wanyamwezi, na utani wetu ulianza tangu wazee wetu walipokuwa wakitua mizigo pwani na wazee wao wakiwapokea kwa wali na matusi. Msiba wa Mnyamwezi bila Mzaramo wa kuuvuruga ni msiba mkavu, watu wanalia tu mpaka wanachoka.

Mimi nilikuwa nimeegemea nguzo, macho yamevimba. Mkanda ulipokazwa karibu na uso wangu, harufu ikapenya hata kwenye pua iliyoziba kwa kulia: mpira uliochemka, grisi, na kwa mbali sana, asali. Nikacheka. Palepale, mbele ya jeneza la bibi mzaa mama yangu, nikacheka kwa sauti mpaka mama mmoja wa jirani akanifinya mkono. Sikuweza kumweleza. Harufu ile ilikuwa imeshanirudisha kwenye gauni langu la Idi, kwenye uwanja wa gereji ya Ipuli, siku ile nilipoamini kwamba gari linaweza kusafiri hadi Ujiji bila kutoka getini.

Enzi hizo Mama alikuwa na pikapu ya bluu iliyopauka kwa jua. Nyuma, kwa rangi nyeupe, ilikuwa imeandikwa PAGAZI. Bibi ndiye aliyeipa jina. Babu yake Bibi alikuwa mpagazi wa enzi za misafara, alibeba pembe kwa bega lake kutoka hapa Tabora hadi pwani na kurudi na majora ya nguo, na Bibi alijivunia bega lile kama wengine wanavyojivunia shamba la urithi. Kwa hiyo pikapu kwetu haikuwa "gari". Ilikuwa mtu. Pagazi amekula? Maana yake, ametiwa mafuta? Pagazi amelala wapi? Mama alikwenda naye vijijini, Sikonge na Urambo, akirudi na madumu ya asali, nta na magunia ya mpunga. Asali haifungiki hata ukiifunga vipi, kila dumu lina jasho lake, basi viti vilinata, usukani ulinata, nami kila nikipanda nilikuwa napitisha kidole chini ya kiti na kukilamba Mama akiwa ameangalia mbele.

Bibi alikuwa na dada yake aliyeolewa Ujiji, tukimwita Bibi Mkubwa. Walikuwa wawili tu waliobaki kwa mama yao. Kila sikukuu Bibi alisema mwaka huu lazima aende, na kila sikukuu jambo likazuka. Kisha ukaja ujumbe kwa simu: macho ya Bibi Mkubwa yanaingia giza, na anasema, "Mwambieni mdogo wangu aje nimwone sura kabla taa haijazimika." Bibi hakulia. Alifunga kanga yake upya, akasema, "Naenda."

Kwenda vipi, ndio ulikuwa mtihani. Goti la kulia la Bibi lilikuwa limekataa kukunjika. Basi lilimtesa, treni ina ngazi ndefu, na mara ya mwisho alipoipanda alisukumwa kwa nyuma na vijana wawili, jambo ambalo alilisimulia kwa hasira mpaka kufa kwake. Kiti cha mbele cha Pagazi ndicho pekee kilichomruhusu kunyoosha mguu. Halafu mzigo. Bibi alitaka kupeleka mchele, karanga, asali, nta, vyungu, hata mchi wa kutwangia. Mama akajaribu kusema mchele upo Kigoma. "Mnyamwezi aingie Ujiji mikono mitupu?" Bibi akasema. "Babu yangu atafufuka anizabe kofi."

Shida ni kwamba Pagazi alikuwa anaumwa. Akiwa mtupu alikimbia vizuri, anatikisa mkia kama ndama. Mtwishe mzigo, umpeleke kwenye mwinuko wa njia ya Urambo, hapo utaona aibu. Injini inanguruma, vumbi linatimka, na gari haliendi. Siku moja tulipandisha pale na madumu ya asali, mzee mmoja juu ya baiskeli, nyuma amefunga tenga la kuku, akatupita. Alipotupita akapiga kengele. Mama alipiga usukani kwa ngumi na machozi yakamtoka, nami nikajifanya naangalia kuku.

Mafundi wote waliitwa. Mmoja wa Mtendeni alibadilisha plagi. Mwingine alisafisha kabureta, wa tatu akasema ni mafuta ya siku hizi, hayana nguvu kama ya zamani. Kila mmoja akimaliza alilichukua gari tupu, akazunguka nalo mtaani, akarudi anacheka: "Limepona hili, Mama." Na kila mmoja Bibi alimwambia maneno yaleyale, maneno ya babu yake: mpagazi hapimwi kwa kifua, hupimwa kwa mzigo. Kwamba zamani, kabla msafara haujaondoka, kila mtu aliyetaka kazi alitwikwa kwanza mbele za watu. Waliojipamba kwa manyoya na kujipiga vifua wengine walianguka nao. Mafundi walimsikiliza kwa adabu, shikamoo Bibi, marahaba, wakaenda zao.

Ndipo tukasikia habari za Mzaramo wa Ipuli. Alikuwa amefanya kazi Dar es Salaam kwenye gereji ya kurekebisha magari ya mashindano. Gereji ikafungwa, yeye akanunua mashine yao kuukuu, akaipakia kwenye treni, akaja nayo kwao mkewe. Yeye mwenyewe aliiita daino. Watu wa Ipuli waliiita mzani wa Mzaramo, kwa sababu ilipima nguvu za gari kama vile mizani ya sokoni inavyopima mchele. Nusu ya mji haikuamini. Nusu nyingine iliamini kupita kiasi, na mzee mmoja alitaka apimwe yeye.

Tulipofika, Bibi hakungoja hata gari lizimwe. "Mzaramo!" akaita dirishani. "Nimesikia umeacha ngoma umeshika spana. Nani kakuloga?"

Fundi Pazi alitoka chini ya lori, mwembamba, mrefu, uso umejaa oili na meno meupe. Akamtazama Bibi, akatazama maandishi nyuma ya gari, akajua papo hapo amepata mtu wake. "Mwenyezi Mungu mkubwa," akasema. "Wanyamwezi siku hizi mnabebwa? Mimi najua mnabeba."

"Tulibeba mpaka kwenu. Tukawakuta mmelala, tukawaamsha."

"Mlitukuta tunakula. Tukawapa nguo kwanza, ndipo mkakaribishwa." Bibi alicheka mpaka goti likamuuma. Wakawa wameshapendana.

Sasa nieleze mzani wenyewe, maana nimekwisha kuona watu wazima wakidanganyana juu yake. Sakafuni palikuwa na shimo, na ndani ya shimo mapipa mawili mazito ya chuma yamelala ubavu, migongo yao imechomoza kidogo. Magurudumu ya nyuma ya gari yanakalia mapipa. Gari linafungwa kwa mikanda ya rangi ya chungwa mbele na nyuma, lisichoropoke. Feni kubwa inawekwa puani mwake, lisichemke. Kisha fundi anakanyaga mafuta, magurudumu yanazungusha mapipa, mapipa yanagoma kwa uzito wao na kwa breki iliyo ndani, na gari linadhani limebeba mzigo linapanda mlima. Kumbe limesimama Ipuli. Kwenye kioo cha kompyuta mstari unajichora, unapanda kadiri nguvu zinavyopanda. Hakuna upepo, hakuna kona, hakuna dereva wa kusema "mimi naona kama limechangamka". Leo ukipima na kesho ukipima, mlima ni uleule.

Haya nayajua sasa. Siku ile nilijua mengine kabisa. Niliona gari letu likitiwa kamba kama ng'ombe wa kuchinjwa, nikashika kanga ya Bibi. Nikaona magurudumu yakizunguka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona, na harufu ya mpira wa moto ikajaa, ikachanganyika na asali iliyoanza kuyeyuka chini ya viti. Fundi alipozima, nilichungulia ndani, nikaona namba za kilomita zimesogea. Nilikuwa nimejifunza kuzisoma namba zile safarini, nilizijua kama majina ya wadogo zangu. Zimesogea! Basi tumesafiri. Lakini ukuta ulikuwa uleule, na mbuzi wa jirani aliyekuwa juu ya tairi bovu bado alikuwa juu ya tairi bovu. Nikaamini gari lilikwenda na kurudi haraka kuliko macho yangu.

Na mstari ule kwenye kioo nikaufahamu mara moja: ni barabara ya Ujiji. Ulianza chini kushoto, hapo ni kwetu Gongoni. Ukapanda vizuri, hapo Urambo, hapo Kaliua. Kisha, katikati, ukaporomoka ghafla. Fundi Pazi akaweka kidole chake cheusi hapohapo, akamwambia Mama, "Unaona? Hapa ndipo anapoanguka."

Katikati ya njia ya Ujiji, nilivyosikia kwa wakubwa, kulikuwa na mto Malagarasi.

Fundi aliendelea kueleza kwamba gari limepoteza karibu nusu ya nguvu zake, lisipewe safari ndefu na mzigo mpaka ajue kwa nini. Alisema kwa uso mkavu, bila kucheka. Na hilo ndilo lililomponza. Mtani akikutukana unajua uko salama. Akiwa na uso mkavu, hapo ndipo unaposhika mfuko wako.

"Sikieni Mzaramo," Bibi akasema, akijipepea. "Kaliona gari zuri, kalitamani. Sasa anatuambia linakufa, tumwachie."

"Bibi, wallahi nasema kweli."

"Anaapa! Mayu wane, mama yangu, anaapa!" Mama naye akaanza kucheka. Fundi alizidi kusema utani kando, nao walizidi kushika mbavu, maana Mzaramo akisema utani kando ndiyo kwanza unaanza. Mwisho alitupa kitambaa chake chini, akafungua mikanda. Tukaondoka. Bibi alimpungia mkono kutoka dirishani: "Mtani! Utalipata nikifa!"

Safari ikapangwa Jumamosi, mapema asubuhi. Nilivishwa gauni la Idi. Magunia yalipakiwa, vyungu vikafungwa kwa nyasi, mchi ukalazwa juu, na Pagazi akakaa chini kwa nyuma kama mtu aliyechuchumaa. Bibi akapandishwa, mguu ukanyooshwa, akaweka dumu dogo la asali mapajani, lile la kumpa dada yake mkononi mwake mwenyewe. Mama akaniita. Nikakataa.

Nilikuwa mtoto mtiifu, nisifiche sifa zangu. Lakini siku ile nilishika nguzo ya baraza, ileile, nikapiga yowe Gongoni nzima ikatoka. Gari litaanguka Malagarasi! Nimeona! Fundi alionyesha kwa kidole! Mama alinibandua mkono mmoja, nikashika kwa mwingine. Jirani mmoja akasema mtoto huyu ana mdudu, asomewe. Bibi alinitazama dirishani. Mzaramo alimcheka atakavyo. Mimi hakuwa na desturi ya kunicheka nikilia.

"Geuza gari," akamwambia Mama. "Twende Ipuli. Nataka kujua huyu mshenzi kamwambia nini mjukuu wangu."

Tulifika na mzigo wetu wote. Fundi Pazi aliapa hajaniambia neno. Nami kwa kwikwi nikasema nimeona njia ikianguka pale kwenye kioo. Fundi alinikodolea macho, kisha akageuka kwa Bibi, akashika kichwa. "Bibi, nifanyeje uniamini? Mimi ni mtani wako, sawa. Mzani si mtani wako. Mzani hauna kabila."

"Ndiyo unavyosema wewe, mwenye mzani."

"Basi nini?"

Bibi alitazama huku na huku uwanjani, jicho lake likatua kwenye Radi.

Radi lilikuwa gari la Fundi mwenyewe. Jekundu, la chini, lina bawa nyuma na bomba la moshi pana kama chungu cha pombe. Likiwashwa Ipuli, watoto wa Gongoni waliamka. Vijana walilisimulia kama farasi wa hadithi, na Fundi alilipaka nta kila Ijumaa kabla ya sala. "Mpime yule," Bibi akasema. "Nione kama mzani wako una macho kwa wageni tu."

Kicheko kikapotea usoni mwa Fundi. Akasema Radi halina haja. Akasema mikanda haitalitosha. Akasema matairi yake mapya. Kumbe tangu mzani ufike hajawahi kulipima hata mara moja, mganga hajigangi. Lakini watu walikuwa wameshakusanyika, hata muuza kahawa ametua birika lake, na vijana wakaanza kupiga makofi: "Ra-di! Ra-di!" Hakuwa na pa kukimbilia.

Likafungwa. Likawashwa. Jamani, kelele! Mbuzi alishuka kwenye tairi. Nilijificha nyuma ya Bibi nimeziba masikio, na hata hivyo kifua changu kilitetemeka chote. Mapipa yakazunguka, moshi ukatoka, na kwenye kioo mstari ukaanza kupanda. Ukapanda kidogo. Ukalala. Ukatambaa hivyohivyo mpaka mwisho, chini kabisa, chini hata ya mstari wa Pagazi mgonjwa ambao Fundi alikuwa ameuhifadhi palepale.

Fundi alizima. Angeweza kusema mashine imeharibika, nani angejua? Angeweza kuzima kioo. Lakini alishuka, akakitazama, akakigeuza mwenyewe kuelekea kwa Bibi ili aone vizuri, akasema kwa sauti ndogo, "Kelele tupu."

Nilidhani Bibi atamrukia kwa utani mpaka amzike. Badala yake alimtazama kwa upole ambao sikuuzoea. "Mzani uliomuumbua mwenye nao," akasema, "huo hauna mtani. Mshusheni Pagazi mzigo. Mpime." Hapo ndipo vicheko vikalipuka uwanja mzima, na Fundi Pazi akacheka kuliko wote, akajipiga mapaja, akakaa chini kwenye sakafu yenye oili akifuta machozi.

Kazi ikaanza. Alimpima Pagazi upya, mstari ukaporomoka palepale. "Si bahati mbaya basi," akamwambia Mama. "Anaanguka mahali pamoja kila mara. Akienda taratibu anapumua. Akitakiwa kukimbia na mzigo, kuna kitu kinamkaba koo." Mafundi waliotangulia walikuwa wameishia kwenye kabureta na kichujio cha hewa. Yeye akalifuata bomba linalopeleka hewa kwenye kichujio, lile linalojificha nyuma ya bawa la tairi la mbele, akalifungua, akachungulia. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akatoa kitu, akakifunika kwa viganja, akaja nacho kwa Bibi kama anamletea kifaranga.

Kilikuwa kiota cha nyigu. Udongo mkavu, mgumu, vyumba vyumba, umejengwa kwa ufundi na kuliziba bomba karibu lote.

"Mtani," akasema, "umebeba wapangaji."

Bibi alikipokea, akakigeuza. "Nyigu! Kumbe aliyekuwa anaonja asali yangu si mjukuu peke yake." Nikajua ananijua.

Pagazi akapimwa tena na mstari ukapanda, ukapita pale pa kuanguka. Watu walipiga vigelegele, lakini Fundi akainua mkono, hajamaliza. Akagusa kitu kimoja tu kwenye injini, akakizungusha kidogo kama unywele, akapima. Mstari ukapanda tena. Akazungusha tena kidogo, akapima, ukashuka. Akarudisha nyuma. Mama akauliza kwa nini asifanye yote kwa mpigo tuondoke. "Ukigusa viwili kwa pamoja, hutajua kipi kimekuponya na kipi kimekuumiza," akasema. Bibi akaitikia kwamba hata dawa za miti ni hivyo. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kioo, gauni la Idi limeingia oili. Nilitazama barabara ikitengenezwa mbele ya macho yangu, kipande kwa kipande. Mstari wa mwisho ulipojichora, mrefu, umenyooka, bila shimo, nikashindwa kujizuia.

"Bibi!" nikapiga kelele. "Malagarasi wamejenga daraja!"

Ikabidi nieleze. Nikaeleza yote: Gongoni hapa, Urambo hapa, Kaliua hapa, na hapa mtoni tulipokuwa tutumbukie. Hakuna aliyenisahihisha. Fundi Pazi alipiga magoti mbele ya kioo karibu yangu, akaweka kidole pale mstari ulipofika juu kabisa. "Na hapa?" akaniuliza.

"Hapo ni Ujiji."

"Naam," akasema. "Hapo ni Ujiji." Akafungua mkanda mmoja wa rangi ya chungwa, akaukunja, akautupa juu ya magunia yetu yaliyopakiwa upya. "Fungieni mzigo. Nitaudai mwenyewe."

Mwinuko wa Urambo tuliupanda Mama akiimba. Haki ya Mungu, mzee wa baiskeli alikuwepo, yeye au mwenzake, na Mama akapiga honi mpaka kuku wakapapatika ndani ya tenga. Njia ilikuwa vumbi vipande vipande wakati ule, na mimi kila baada ya muda niligeuka kutazama nyuma kama tumefungwa, maana nilikuwa nimeshaona gari likikimbia bila kwenda. Tulipofika Malagarasi nilifumba macho. Bibi akanishika mkono, akaniambia fumbua, na nilipofumbua palikuwa na daraja kweli, maji yako chini yanang'aa, na Pagazi anapita juu yake kama mwenye mji.

Ujiji tuliingia jua likielekea kuzama. Bibi Mkubwa alikuwa ameketi mlangoni, uso ameelekeza njiani, anasikiliza. Bibi alishushwa, mguu umekufa ganzi, dumu la asali mkononi. Alichechemea mpaka akasimama karibu, karibu kabisa, uso kwa uso, ili lile giza lisipate nafasi ya kupita katikati. Bibi Mkubwa alimtazama. Akamshika mashavu, akayavuta huku na huku kama anakagua papai.

"Umezeeka vibaya," akasema.

"Na wewe umeniona," Bibi akajibu, na hapo ndipo wote wawili walipoanza kulia na kucheka, huwezi kutenganisha, wameshikana vichwa, asali inawatiririkia mikononi. Mimi nilikwenda kushika tairi la Pagazi. Lilikuwa la moto, linanuka harufu ileile ya Ipuli. Lakini udongo chini yake ulikuwa mwingine, na mbuzi alikuwa mwingine. Tumefika kweli, nikasema.

Ile ndiyo mara ya mwisho Bibi Mkubwa kuuona uso wa mtu. Alisema mwenyewe baadaye, kwenye simu, kwamba ameridhika, amefunga hesabu na sura nzuri, ingawa imezeeka vibaya.

Basi siku ile ya msiba, mimi nikicheka kwenye nguzo na Fundi Pazi amesimama mbele ya mkanda wake anadai ukombozi, watu walimletea noti, akazikataa. Wakamletea kuku, akamtukana kuku. Jeneza liko mabegani, masheikh wanatazama saa. Ndipo Mama alipoingia ndani kwenye sanduku la Bibi, akatoka na fundo la kanga kuukuu. Akalifungua mbele yake.

Kilikuwa kile kiota cha nyigu. Kimemeguka pembeni, lakini vyumba vyake vilikuwepo. Bibi alikuwa amekitunza miaka yote hiyo, pamoja na pete zake.

Fundi Pazi, aliyekuwa amepiga domo tangu alfajiri, alikunjua mikono. Alikipokea kwa viganja viwili, vilevile alivyompa Bibi siku ile. Kisha akageuka, mwenyewe, akafungua mkanda kwenye nguzo, akashika ncha yake isiburuzike chini.

"Mpitisheni mtani wangu," akasema. "Njia nyeupe."